Kulitia shairi la mtu muziki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ruhusa ya hakimiliki

Majibu haya ni kwa walimu wa kwaya, waimbaji wa taarabu, wanamuziki wa bendi na vijana wa studio ambao wamesoma shairi, likawagusa, na sasa wanataka kuliimba. Yanahusu zaidi Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya, na yanagusa nchi nyingine pale wimbo unapovuka mpaka. Ukiwa na mkataba mkubwa mezani au mgogoro umeshaanza, tafuta wakili. Mambo mengine mengi unaweza kuyamaliza mwenyewe.

Mashairi ya Kiswahili yametungwa yaimbwe. Kwa nini basi niombe ruhusa?

Hoja hii husemwa sana, na ina ukweli ndani yake. Tenzi zilighaniwa hadharani tangu zamani, na shairi la mizani kumi na sita, nane ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na nane utao (nusu ya pili), linaingia kwenye mahadhi bila kulazimishwa. Pwani yote mwimbaji na malenga wamekuwa wakifanya kazi pamoja. Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa aliimba tungo nyingi za Ahmad Nassir, na watu wengi walizijua tungo hizo kwa masikio kabla hawajaziona kitabuni.

Lakini tazama kazi hiyo ilivyofanyika. Mwimbaji na malenga walijuana, na tungo ilitoka mkononi mwa mwenyewe. Hiyo ndiyo ruhusa. Utamaduni wetu haukuwahi kusema kwamba tungo ya mtu aliye hai ni ya yeyote atakayeiokota.

Kwa upande wa sheria, mtunzi ndiye mwenye haki ya kunakili kazi yake, kuirekebisha, kuitafsiri, kuisambaza, kuitoa mbele ya hadhira na kuitangaza redioni au kwenye televisheni. Ukilitia shairi muziki unazigusa karibu haki zote hizo kwa mpigo mmoja: unaliandika chini ya noti, unawagawia waimbaji kopi, unaliimba mbele ya watu, unalirekodi na kulipandisha mtandaoni.

Je, shairi lazima liwe limesajiliwa ndipo lilindwe?

Hapana. Ulinzi huanza pale shairi linapoandikwa au kurekodiwa. Usajili humsaidia mtunzi kuthibitisha kwamba kazi ni yake, lakini ambaye hajasajili hajapoteza haki. Shairi lililoandikwa kwenye ukurasa wa Facebook wa mwalimu wa sekondari linalindwa sawa na lile lililo kwenye diwani yenye jalada gumu.

Nitajuaje kama muda wa hakimiliki umekwisha?

Tafuta mwaka aliofariki mtunzi, ongeza miaka 50, kisha subiri mwaka huo umalizike. Ndivyo zinavyohesabu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara (Na. 7 ya 1999), Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar (Na. 14 ya 2003) na ile ya Kenya ya 2001. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, COSOZA, kwa sababu hakimiliki si jambo la Muungano. Uganda nayo huhesabu miaka 50.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Miaka 50 ilimalizika 31 Desemba 2012, kwa hiyo tangu 1 Januari 2013 mashairi yake ni mali ya umma kwa hesabu ya Tanzania na Kenya. Sheikh Kaluta Amri Abedi alifariki 1964, muda wake ukaisha mwishoni mwa 2014. Mathias Mnyampala alifariki 1969, muda ukaisha mwishoni mwa 2019. Watu hawa watatu wana mashairi ya kutosha kulisha kwaya maisha mazima, na nashangaa ni machache kiasi gani yaliyotiwa muziki.

Sasa mtazame Euphrase Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020. Mashairi yake yatalindwa mpaka mwisho wa 2070. Kijana anayeyasoma leo chuoni atakuwa mzee kabla hayajawa mali ya umma. Kwake yeye hakuna njia ya mkato: lazima aombe.

Waliotangulia zaidi, kama Muyaka bin Haji wa Mombasa aliyefariki 1840, au Mwana Kupona binti Msham ambaye utendi wake ni wa mwaka 1858, hawana tatizo la muda. Wana tatizo jingine, ambalo lina swali lake hapo chini.

Shairi likiwa la watu wawili, hesabu kuanzia kifo cha yule aliyefariki mwisho.

Je, hesabu hiyo inatosha kama wimbo utasikika Ulaya au Marekani?

Haitoshi. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza hulinda kwa miaka 70 baada ya kifo. Oman pia ni miaka 70. Kanada ilikuwa na 50, ikapandisha hadi 70 mwishoni mwa 2022. Marekani ina hesabu yake kwa kazi za zamani: kazi nyingi zilizochapishwa kabla ya 1978 hulindwa miaka 95 tangu zichapishwe, hata kama mtunzi alifariki mapema.

Mfano mmoja unaonyesha tofauti hiyo vizuri. Robert Frost, mshairi wa Marekani, alifariki 1963. Kwa hesabu ya Kenya au Tanzania mashairi yake yalikuwa huru kuanzia 2014. Lakini shairi lake maarufu la msafiri aliyesimama msituni jioni ya theluji lilichapishwa 1923, hivyo kwao lilibaki limefungwa hadi mwisho wa 2018. Shairi ni lilelile, ila aliyeliimba Nairobi mwaka 2015 hakuwa na deni, na aliyeliimba Chicago mwaka huohuo alikuwa nalo.

Kwa kwaya ya kijijini hili halina uzito mkubwa. Kwa mtu anayeweka wimbo kwenye majukwaa ya mtandaoni yanayofika kila nchi, au kwaya ya Watanzania walioko Washington inayotaka kuuza rekodi, lina uzito sana. Angalia sheria ya mahali wimbo utakapotumika, usiangalie ya ulikozaliwa peke yake.

Malenga alifariki karne mbili zilizopita, lakini diwani niliyonayo ina alama ya hakimiliki ya juzi. Nifanyeje?

Alama hiyo haimrudishii malenga ulinzi. Inalinda kile kilichoongezwa: utangulizi, maelezo ya chini ya ukurasa, tafsiri, ufafanuzi wa maneno magumu, na mpangilio wa kitabu.

Lakini kuna sehemu inayohitaji uangalifu. Tungo nyingi za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo katika maandishi ya zamani hazikuonyesha sauti zote za Kiswahili. Mhariri alilinganisha miswada, akachagua neno hili akaacha lile, na mara nyingine alijaza pengo palipochakaa. Mashairi ya Muyaka yenyewe yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa na W. E. Taylor waliyakusanya, na W. Hichens akayachapisha kama kitabu mwaka 1940, miaka mia moja baada ya malenga kufariki. Mhariri akiwa amejaza beti kwa maneno yake, maneno hayo ni yake.

Kwa hiyo ukiimba utendi wa kale, chukua maneno kutoka toleo la zamani zaidi unaloweza kulipata, au linganisha matoleo mawili matatu. Ukitegemea toleo jipya la mtaalamu aliye hai, mwandikie umweleze na umtaje kwenye jalada. Wengi wa wataalamu hao wametumia miaka yao kuokoa tungo hizi, na watafurahi kusikia zinaimbwa.

Nataka kuimba shairi la kigeni lililotafsiriwa kwa Kiswahili. Niombe kwa nani?

Kuna kazi mbili hapo na kila moja ina muda wake. William Shakespeare yuko huru duniani kote. Lakini tafsiri za Mwalimu Nyerere za tamthilia zake mbili si huru: Mwalimu alifariki Oktoba 1999, na miaka 50 baada yake itakamilika mwishoni mwa 2049. Ukitaka kulitia muziki lile hotuba la Antonio mbele ya maiti ya Kaizari kwa Kiswahili cha Mwalimu, omba. Ukilitafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza, huna wa kumwomba.

Mfano wa kinyume chake ni rubai za Omar Khayyam alizozileta Shaaban Robert kwa Kiswahili. Khayyam aliishi karne ya 11 na ya 12. Edward FitzGerald, aliyezitia Kiingereza, alifariki 1883. Shaaban Robert alifariki 1962. Kwa hesabu ya miaka 50 mikono yote mitatu imekwisha muda, na kazi hiyo iko wazi kwa mwanamuziki wa Tanga, wa Lamu au wa Bujumbura.

Mtunzi wa lugha ya asili akiwa bado analindwa, unahitaji ruhusa mbili, na hata tafsiri yako mwenyewe inahitaji ya kwake.

Mwenye haki ni nani hasa? Mtunzi, mchapishaji au familia?

Hapa ndipo watu hupotezea miezi. Anza kwenye ukurasa wa hakimiliki wa kitabu, ule wa nyuma ya ukurasa wa jina. Ukikuta jina la mtunzi pembeni ya alama ya hakimiliki, haki ni zake, ingawa mara nyingi mchapishaji anazisimamia. Ukikuta jina la kampuni, huenda mtunzi alizihamisha. Mwandikie mchapishaji kwanza kwa sababu anwani yake inajulikana, na umuulize swali moja tu: nani anayetoa ruhusa ya kulitia muziki shairi hili? Mikataba mingi ya vitabu inampa mchapishaji haki ya kuchapisha bila kutaja muziki hata kidogo. Ikiwa haikutajwa, kwa kawaida imebaki kwa mtunzi.

Shairi lililotoka gazetini bado ni la aliyelituma, isipokuwa alikuwa mwajiriwa wa gazeti au alisaini vinginevyo. Mhariri anaweza kukusaidia kumpata, lakini hawezi kukupa ruhusa kwa niaba yake bila kutumwa. Vivyo hivyo kwa mtangazaji anayesoma mashairi ya wasikilizaji redioni.

Mtunzi akiwa amefariki, haki ziko kwa warithi wake. Usiridhike na mtoto mmoja kukwambia "imba tu, baba alipenda muziki." Anaweza kuwa anasema kweli, lakini wenzake watano huenda hawakuulizwa, na ugomvi wa familia ukianza wimbo wako ndio utakaofungiwa. Uliza nani ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, uione barua ya usimamizi, na msimamizi huyo ndiye asaini. Ikiwa mirathi imeshafungwa na mali kugawanywa, uliza hakimiliki ilikwenda kwa nani. Mara nyingi haikutajwa kabisa, kwa sababu familia zetu hugawa nyumba, shamba na ng'ombe, lakini madaftari ya mashairi hubaki kwenye sanduku. Basi pata saini za warithi wote.

Ukifika kwenye familia hiyo, fika kwa adabu ya wageni. Wasalimu wazee, jitambulishe unatoka wapi na ni mtoto wa nani, eleza kwa nini shairi hilo, na uwe tayari kuliimba palepale. Nimeona mazungumzo yaliyokwama kwa barua yakifunguka sebuleni baada ya bibi wa nyumba kusikia maneno ya marehemu mumewe yakiimbwa. Lakini usiondoke na machozi yake ukadhani ndiyo saini. Acha karatasi, wape muda waisome, wamuulize wanayemwamini.

Mtunzi ametumia lakabu na simpati popote. Je, naweza kuendelea?

Magazeti yetu yamejaa majina ya namna hiyo tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza 1923: lakabu, halafu jina la mji, basi. Jaribu kwenye dawati la ushairi la gazeti lenyewe, kwenye vyama vya washairi vya mkoa au kaunti, kwenye makundi ya mtandaoni ya malenga, kwenye idara za Kiswahili za vyuo vikuu. Washairi wanajuana kuliko unavyofikiri, kwa sababu wamejibizana kwa beti miaka mingi.

Weka kumbukumbu ya kila ulipouliza na tarehe yake. Kumbukumbu hiyo inaonyesha nia njema, lakini si ruhusa. Ushauri wangu ni kutolirekodi kibiashara shairi ambalo mwenyewe hajapatikana. Kama huwezi kuliacha, fahamu kwamba unabeba hatari, na kwamba anayeweza kujitokeza kesho ana haki ya kukudai.

Je, COSOTA, COSOZA au KECOBO wanaweza kunipa ruhusa?

Si kawaida. Hizi ni ofisi za hakimiliki za Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya, kwa mpangilio huo, na kazi yake ni usajili, usimamizi wa sheria na usuluhishi. Zinaweza kukusaidia kujua kama kazi imesajiliwa na kwa jina la nani, na zinaweza kupokea malalamiko. Hazimiliki mashairi ya watu. Vyama vya kukusanya mirabaha navyo hukusanya malipo ya muziki unaopigwa hadharani na redioni, ambayo ni hatua ya baadaye. Ruhusa ya kulifanya shairi kuwa wimbo hutoka kwa mwenye shairi.

Barua ya kuomba ruhusa iandikweje?

Fupi, ya heshima, na isiyoacha jambo likielea. Kinachowachosha wenye haki ni ombi linalosema "naomba kutumia shairi lako" basi, bila kusema kwa kazi gani. Huu ni mfano kwa malenga aliye hai, na unaweza kuubadili:

"Shikamoo Mzee. Naitwa (jina), mwalimu wa kwaya ya (jina) hapa Arusha. Nimelisoma shairi lako (jina la shairi) lililo ukurasa wa (namba) katika diwani yako (jina, mwaka), na ninaomba ruhusa yako nilitie muziki kwa kwaya ya sauti nne na ngoma.

Ningependa kutumia beti zote sita, bila kubadili neno, ila kibwagizo kirudiwe mara mbili kila mwisho wa ubeti. Ninaomba ruhusa ya mambo haya: kutoa nakala za noti kwa waimbaji wangu arobaini, kuliimba kwenye matamasha, kulirekodi, na kuiweka rekodi hiyo mtandaoni, nchi zote. Ruhusa si ya kipekee, kwa maana wewe utabaki huru kumpa mwingine shairi hilohilo. Halitatumika kwenye tangazo la biashara wala kampeni ya siasa bila kukuuliza upya.

Jina lako litaandikwa kwenye noti, kwenye rekodi na kwenye ratiba ya kila onyesho kama mtunzi wa maneno. Mapato yakipatikana, napendekeza tugawane (mgawo). Shairi linabaki mali yako. Kama unakubali, tafadhali saini nakala moja uirudishe. Kama kuna lolote usiloridhika nalo, nitakupigia siku utakayopenda tulizungumze."

Ambatanisha kopi ya shairi lenyewe kama utakavyoliimba, mshororo kwa mshororo. Washairi wengi wana matoleo mawili ya shairi moja, la gazetini na la kitabuni, na mwenyewe huenda anataka lile alilolirekebisha.

Ruhusa ya mdomo au ya WhatsApp inatosha?

Nchini Kenya leseni isiyo ya kipekee inaweza kuwa ya mdomo, lakini leseni ya kipekee au uhamisho wa haki lazima uwe wa maandishi uliosainiwa. Kokote uliko, andika. Ujumbe wa simu ni bora kuliko hakuna kitu, mradi unasema shairi gani na kwa matumizi gani. Uhifadhi nje ya simu. Simu huibwa, na malenga naye hubadilisha namba.

Je, naweza kupunguza beti, kurudia mishororo au kubadili maneno?

Kwa ruhusa, ndiyo. Bila ruhusa, hapana, na hapa washairi huumia kuliko kwenye fedha. Sheria inampa mtunzi, mbali na haki za mapato, haki ya kutajwa na haki ya kupinga kazi yake isikatwe au kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima. Haki hizi hubaki kwake hata akiuza nyingine.

Jambo la kwanza ni ubeti wa mwisho. Wanamuziki hupenda kuukata kwa sababu wimbo umekuwa mrefu, na ubeti wenyewe unaonekana ni wa kuaga tu: tamati, kaditama, naweka kalamu chini. Kumbe mara nyingi ndimo malenga alimotia jina lake, mji wake, au lakabu yake. Ukiukata umefuta saini. Kama muda unabana, kata wa katikati kwa idhini yake, huo uuache.

La pili ni lahaja. Mtu wa bara akiimba shairi la Kimvita hushawishika kulisanifisha: "mato" yawe "macho", "ndia" iwe "njia". Mizani haibadiliki, kwa hiyo masikio ya mwanamuziki hayashtuki. Lakini vina vinavunjika, kwa sababu "mato" yalikuwa yanakutana na neno jingine la "to" mwishoni mwa mshororo unaofuata, na sasa "cho" imesimama peke yake. Shairi lililojengwa kwa uangalifu limetobolewa. Mwimbaji na ajifunze lahaja, au achague shairi jingine.

La tatu ni marudio. Kurudia kibwagizo kwa kawaida hakuna anayekataa, lakini kukata mshororo katikati ya neno ili ulingane na ngoma, au kurudia nusu ya sentensi mpaka maana igeuke, ni jambo la kumsikilizisha mtunzi kabla ya studio. Mpelekee rekodi ya simu tu, ya gitaa na sauti.

Nimlipe kiasi gani?

Hakuna bei iliyopangwa. Kwaya ya hisani mara nyingi hupewa bure, au kwa sharti la nakala ya rekodi na mwaliko wa onyesho la kwanza. Kwa rekodi ya biashara kuna njia mbili: malipo ya mara moja, au mgawo wa mapato. Katika nyimbo, mgawo unaozoeleka kwa upande wa utunzi ni nusu ya maneno na nusu ya muziki, na mimi siioni sababu ya kumpa mshairi chini ya hapo pale ambapo wimbo wote umesimama juu ya maneno yake. Gharama za studio na wapiga ala ni jambo la rekodi, zitenganishwe na mgawo wa utunzi, na zitajwe mapema.

Mtunzi akitoa bure, andika kwamba ametoa bure na kwa matumizi gani. Ukarimu aliouonyesha kwa kwaya ya parokia hauna maana kwamba shairi linaweza kuwa mlio wa simu wa kampuni.

Wimbo ukikamilika ni wa nani?

Muziki ni wako, maneno ni yake, na rekodi ni ya aliyeigharimia, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Unaposajili wimbo kwenye ofisi ya hakimiliki au chama cha mirabaha, jaza majina yote mawili. Kuandika "maneno na muziki" kisha jina lako peke yako ni kumpora mtu mirabaha yake, hata kama ulikuwa na barua ya ruhusa mfukoni.

Mistari minne si inaruhusiwa bure? Na kanisani, madrasa au shuleni je?

Hakuna sheria ya mistari minne. Shairi fupi linaweza kuwa zima katika mistari hiyo. Sheria zina misamaha kwa ajili ya kujifunza, uhakiki na matumizi binafsi, na mwalimu akiwafundisha wanafunzi wake kulighani shairi darasani hana la kuogopa. Tamasha lenye watazamaji, kanda inayouzwa baada ya ibada, au video ya shule mtandaoni si darasa tena. Kutokuwa na faida hakuondoi wajibu wa kuomba, ingawa kunarahisisha kukubaliwa.

Watu wanarudia nyimbo za wengine mtandaoni kila siku. Shairi lina tofauti gani?

Wimbo uliokwisha kutolewa una mfumo wake. Marekani kwa mfano, sheria inaruhusu mtu kurekodi upya wimbo uliokwisha kurekodiwa na kusambazwa kwa idhini ya mwenyewe, mradi afuate masharti na kulipa kiwango kilichowekwa. Mfumo huo ni wa kazi za muziki. Shairi la kitabuni halimo, na mwenye nalo anaweza kusema hapana bila kutoa sababu.

Vipi kuhusu nyimbo za jadi, bembelezi na tungo zisizo na mtunzi?

Kutokuwa na mtunzi anayejulikana si sawa na kutokuwa na mwenyewe. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, na sheria ya Tanzania Bara ya hakimiliki inazungumzia sanaa za jadi pia. Ukiwa na nia ya biashara, ulizia taratibu kwa mamlaka husika, na kwa vyovyote vile taja jamii uliyoichukulia tungo hiyo.

Nimetumia programu ya akili bandia kutengeneza muziki. Bado naomba?

Ndiyo. Maneno hayajabadilika mwenyewe. Na mwambie malenga ukweli huo kwenye barua, maana wengine watakubali sauti ya mtu na kukataa ya mashine.

Nimeshamaliza kutunga muziki, na sasa mwenye haki amekataa au hajibu.

Kutojibu si kukubali. Kumbusha kwa upole baada ya wiki kadhaa, jaribu njia nyingine ya mawasiliano, kisha lihesabu kama jibu la hapana.

Akikataa, muziki wako bado ni wako. Mtunzi wa kwaya wa Marekani Eric Whitacre alikumbwa na jambo hili kwa shairi lilelile la Robert Frost. Alilitungia muziki, wenye haki wakakataa litumike. Akamwendea rafiki yake mshairi, Charles Anthony Silvestri, akamwomba aandike maneno mapya yanayokaa juu ya muziki uleule, silabi kwa silabi. Silvestri akaandika shairi kuhusu usingizi, na kwa maneno hayo wimbo umeimbwa na kwaya nyingi duniani.

Washairi wetu wana ufundi huo mikononi. Mpe malenga aliye hai muziki wako, mwambie ni mizani mingapi kila kipande, sauti inapanda wapi na inatua wapi, mshororo gani utarudiwa. Ataziweka vina na mizani mahali pake, na safari hii mkataba utaandikwa kabla ya ubeti wa kwanza.